Diski Iliyobadili Ngano za Bi Rukiya

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya tarehe 14 Machi 1988, Mzee Zein alichukua karatasi iliyotoka kwenye printa, akasoma mstari mmoja, akaitupa mezani.

"Harusi, mwanangu, nani kaniibia maneno ya mke wangu?"

Harusi Nzai, karani wa ofisi ndogo ya Mzee Zein ya kuandaa vitabu mjini Kilifi, akainama kusoma. Ngano za marehemu Bi Rukiya, alizozisimulia kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, zilikuwa zimegeuzwa. Ndia imekuwa njia, moya imekuwa moja, mato yamekuwa macho. Kompyuta zote tatu zilitoa vivyo hivyo.

"Ni Kioko na diski yake," mzee akafoka. "Leo namfukuza!"

Kioko, fundi wao, alikuwa amechoka kutia kwa mkono viongezo, vijiprogramu vya kusaidia programu ya kuandikia, mashine baada ya mashine. Akaandika maagizo kwenye diski moja: itie asubuhi, na mashine itajichukulia humo yenyewe toleo jipya la kila kiongezo. Kimoja kilisahihisha tahajia kwa kufuata orodha ya maneno. Asubuhi hiyo Harusi ndiye aliyeitia diski, na moyo ulimwuma.

"Ijumaa uliondoka saa ngapi?" Harusi alimwuliza Kioko alipoingia kazini.

"Saa saba mchana. Nilikwenda Mariakani kwa dada yangu. Diski niliiacha kwenye droo."

Harusi akaiagiza mashine ioneshe tarehe za mafaili ya diski hiyo. Kiongezo cha tahajia kilibadilishwa Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini jioni.

"Kioko, mato ni nini?"

"Si matoke, yale ya kupika?"

Harusi akacheka. Mtu huyu hakuandika orodha ile.

Saa tatu aliingia Batuli, binti wa Mzee Zein, aliyezichapa ngano hizo kila alasiri.

"Batuli, Ijumaa nani alifunga ofisi?"

"Mimi."

"Mzee hakurudi kutoka msikitini. Kioko alikuwa safarini. Mimi Kiamu nakisikia tu. Aliyeandika orodha hii amezaliwa nacho."

Batuli akafungua mkoba, akatoa barua na diski nyingine.

"Nisamehe, baba. Wachapishaji wa Nairobi wamesema kitabu kiwe kwa Kiswahili cha shuleni, la sivyo hawakichapi. Niliificha barua. Daktari kasema huenda mwaka ujao hutaona tena. Nilitaka usome kitabu cha mama mapema. Maneno yake yote nimeyahifadhi humu, sikuthubutu kuyafuta."

Mzee Zein aliisoma barua, akaikunja. Kwanza akamgeukia fundi.

"Niwie radhi, Kioko. Nimekudhulumu."

"Yamekwisha, mzee."

Kisha akamshika binti yake mkono.

"Mamako nikimsoma kwa maneno ya watu, simsikii. Nikipofuka, utanisomea wewe."

Kufikia saa tano Kioko alikuwa amerudisha toleo la zamani la kiongezo, pamoja na ngano za awali, kwenye mashine zote. Baadaye mchapishaji mdogo wa Mombasa akakubali kitabu kama kilivyo, kwa Kiamu. Siku kilipofika, Batuli alianza kusoma kwa sauti. Mzee Zein, aliyekuwa bado anaona, alifumba macho ili amsikie mkewe vizuri.