Kifurushi cha Kahawa Juu ya Friji

Ndugu zangu wa Alexandria, wa Lanham, wa Woodbridge na kote tulikotawanyika, sogezeni viti karibu. Nina habari ya Mama Benadetha na binti yake Domina, watu wanaopendana kupita kiasi, ambao nusura wapoteane huku wameshikana mikono.

Mama Benadetha alitoka Kamachumu, mkoani Kagera, kuja kumtembelea Domina kwenye ghorofa anamokaa, huko magharibi mwa Alexandria. Asubuhi ya kwanza ilikuwa njema sana. Jua liliingia dirishani, ndizi na nyama zilikuwa mezani, na Domina, mtu mzima mwenye mvi zake, alijilaza mapajani mwa mama yake akidekezwa. Mama akamkabidhi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile za kwao, zinazochemshwa na majani ya kunukia kisha zikaanikwa juani.

Asiyewajua Wahaya namweleza. Mgeni akifika, mwenye nyumba humkaribisha kwa kahawa hizo, wakakaa, wakatafuna, ndipo maneno ya maana yakaanza. Kufungua kifurushi ni kazi ya mwenye nyumba. Mgeni hajikaribishi mwenyewe, hata kama mwenye nyumba ni mtoto aliyemzaa.

Na mama alikuja na maneno. Mumewe, Mzee Laurean, alipofariki, Domina hakuweza kwenda kuzika kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka. Kabla ya kufa mzee aliacha ujumbe kwa binti yake. Mama alikataa kuusema kwenye simu, akautunza miaka yote hiyo, mpaka akapanda nao ndege. Alichongoja ni kifurushi kifunguliwe tu.

Basi simu ikalia. Kazini wanamtaka. Domina analea wazee majumbani, na siku zile alikuwa na bibi mmoja asiyeweza kuachwa peke yake. Akainuka haraka, akakiweka kifurushi juu ya friji, akamwambia mama yake kwamba watazitafuna jioni. Jioni aliporudi alilala kitini na viatu vyake miguuni. Mama akamvua viatu, akamfunika, akakitazama kifurushi, akaenda kulala.

Domina naye alikuwa na lake moyoni. Alijiapiza kwamba mama yake hatarudi Kamachumu mikono mitupu. Kila alipopata nafasi alimchukua wakaenda madukani, leo Woodbridge, kesho kutwa masoko ya mjini Washington. Na walifurahi, nisiwadanganye. Siku moja mama alitaka kupunguziwa bei ya sufuria. Muuzaji alipokataa, akafanya kama tunavyofanya nyumbani, akageuka kuondoka ili aitwe. Akaenda polepole, akafika mlangoni, hakuna aliyemwita. Ikabidi arudi mwenyewe. Domina alicheka mpaka akaegemea toroli, na mama akacheka kwa kumwona anacheka.

Hapo ndipo mama alipokosea. Aligundua kwamba sokoni ndipo mahali pekee binti yake anapotembea naye taratibu. Basi akaanza kutaka vitu. Alitaka viatu vya Respicius, kaka yake Domina, akataka masweta ya akina mama wa kwaya, akataka vikombe ambavyo kabati lake halina hata pa kuviweka. Domina alifurahi kusikia mama anataka kitu, akaongeza shifti ili avinunue. Shifti zikiongezeka, kukaa nyumbani kunapungua. Kukaa kukipungua, mama anaomba soko lingine. Mnaliona jambo lenyewe, jamani? Wawili hao walikuwa wanakimbizana kwenye duara, na kila mmoja akiamini anamfurahisha mwenzake.

Mara kadhaa mama alijaribu kusema palepale madukani. Alianza, "Baba yako, siku ile ya mwisho..." Domina akadaka koti kwenye rafu akauliza kama litamtosha Respicius. Mama akajibu kwamba litamtosha. Angefanyaje?

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Walikwenda soko la wazi, palepale Alexandria, mama akiwa amedai anataka asali. Hata kabla hawajaonja, simu ya Domina ikalia. Mwenzake wa zamu hajafika na yule bibi yuko peke yake. Domina akamwomba mama achague asali bila haraka, atarudi sasa hivi. Akaondoka mbio.

Sasa hivi hiyo ikawa ndefu. Mama alichagua asali, akaiweka kwenye mkoba, akasimama. Wauza maua wakafunga meza, wauza mikate nao wakaondoka. Mvua ikaanza, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Simu yake haikuwa na laini ya huku, ilishika mtandao nyumbani kwa Domina tu, kwa hiyo aliiacha huko, na namba ya binti yake hakuijua kwa kichwa. Akabaki amesimama palepale alipoachwa, maana aliogopa kwamba akisogea, mtoto hatamwona.

Aliyemwona ni Marie-Thérèse, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayeuza pilipili na matembele pale sokoni. Alikuwa anapakia vyombo kwenye gari lake.

"Mama, uko nangoja nani mu mvua hii?" akamuuliza. "Kuya, ukae huku mu gari. Mutoto wako atatuona."

Mama Benadetha alipoingia garini alikuwa anatetemeka, lakini mdomo ulikuwa unamtetea binti. Alieleza kwamba mwanawe ni mchapakazi, kwamba analea wagonjwa, kwamba hajawahi kumnyima kitu. Marie-Thérèse alimfunika kwa kitenge, akamsikiliza, akamuuliza swali moja tu: tangu afike, wameongea nini yeye na binti yake? Mama akafikiri. Akakumbuka bei, saizi na rangi. Machozi yakamtoka.

Domina alitokea saa za alasiri, bado kavaa sare ya kazi. Uwanja ulikuwa mtupu. Mama alimwona kupitia kioo chenye ukungu, mwanawe akikimbia huku na huku mvuani akiita, "Mama! Mama!" kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Domina alipokuwa mdogo. Mama hakujua mlango wa gari lile unafunguliwaje, Marie-Thérèse akamfungulia.

Domina alipiga magoti kwenye maji akamkumbatia mama yake kiunoni.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nimekupoteza na wewe."

"Na wewe," maana yake kama alivyompoteza baba. Mama akaelewa. Akamwinua, akamfuta uso kwa upindo wa kitenge cha watu.

"Sitaki soko tena, mwanangu. Sikuwahi kutaka vikombe wala masweta. Nilikuwa nakutaka wewe. Nina maneno ya baba yako, na siwezi kukupa nikiwa nasukuma toroli."

"Nilikuwa nakusikia kila ulipoanza," Domina akasema. "Niliogopa. Nilidhani ameniachia lawama, kwa sababu sikumzika."

Jioni ile Domina alipiga simu kazini akasema hapatikani mpaka mama yake asafiri. Akachukua kifurushi juu ya friji, akakifungua kwa mikono yake, akampa mama kahawa kwanza kama inavyotakiwa. Wakatafuna. Harufu ya nyumbani ikajaa chumba.

"Hizi ni za mwisho alizochemsha baba yako," mama akamwambia. "Alisema, mpelekee Domina. Mwambie mimi ndiye niliyewakataza wasimwite. Angekuja bila karatasi, asingeweza kurudi kwenye maisha yake. Mwambie asinililie kwa kujichosha na kazi. Akae chini, apumzike."

Domina alilia sana, na mama hakumnyamazisha.

Mama Benadetha alisafiri na sanduku moja tu, nusu tupu. Huko Kamachumu wapo walionung'unika, ati mtu ametoka Marekani na chupa ya asali. Yeye aliwajibu kwamba amekaa na mwanawe, tena wamemaliza maneno yote.

FUNZO LA HABARI HII

Tuliokuja huku tumejifunza kuonyesha upendo kwa sanduku. Tukimkosea mzazi, tunanunua. Tukimwogopa, tunanunua zaidi. Sikatazi zawadi, lakini zawadi haiwezi kumsikiliza mtu. Nanyi wazazi, mkihitaji kukaa na watoto wenu, semeni waziwazi. Msijifiche nyuma ya viatu vya Respicius. Mzazi aliyevuka bahari amekuja na jambo, na siku zake za kulisema zina mwisho. Kama nyumbani kwako kuna kifurushi juu ya friji, zima simu sasa, uende ukakifungue.