Pechaki Katika Mawaridi ya Oysara

Turob alipostaafu ufundi wa mabasi, mkewe Oysara alimkabidhi jembe.

"Bustani hiyo hapo, Baba Zulhumor," alimwambia. "Sasa ni zamu yako."

Bustani yao katika mji wa Margilan ilikuwa ndogo. Ilikuwa na tuta la mawaridi, matuta mawili ya nyanya, na mirehani kando ya njia. Mwaka ule ilikuwa pia na pechaki. Pechaki ni gugu lenye maua meupe kama vikombe vidogo. Hujisokota kwenye shina la mmea mwingine, hupanda hadi juu na kuunyima mwanga. Mawaridi ya Oysara yalikuwa yamefungwa kama mizigo.

Turob alilivuta gugu kwa nguvu. Likaja pamoja na tawi zima la waridi.

"Unaua waridi, unaacha gugu!" Oysara alilalamika.

Turob aliona haya. Kesho yake akaazima pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono. Tuta moja la nyanya lilikuwa bado halijapandwa, akalilima mpaka udongo ukawa kama unga. Magugu yaliyokatika aliyatupa kwenye mfereji wa maji ulio mbele ya nyumba. Jioni alilala akijisifu.

Baada ya wiki mbili tuta lile lilijaa pechaki. Palipokuwa na shina moja, sasa palikuwa na mashina ishirini.

Siku hiyohiyo jirani yao wa upande wa chini wa mfereji, Salomat, alibisha hodi akiwa na ndoo. Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye bustani ya miche ya manispaa.

"Turob, ndugu yangu, hii umeniletea zawadi?" aliuliza, akamwonyesha ndoo. Ilijaa pechaki.

"Zawadi gani, dada?"

"Imekuja na maji ya mfereji. Sasa imeota kwenye vitunguu vyangu."

Turob aliipokea ndoo. "Nisamehe, dada. Sikujua."

"Karibu ndani, dada," Oysara aliingilia. "Mzee wangu ni bingwa wa injini. Mimea bado anajifunza."

Salomat alicheka, akaingia. Alichimba kidogo, akatoa mzizi mweupe mwembamba kama tambi.

"Kipande cha urefu wa kidole kinatosha kuota," alisema. "Pawatila yako ilikata vipande mia. Hukupalilia, ndugu yangu. Ulipanda."

"Basi nichimbe mpaka mwisho wa mzizi?"

"Mzizi umeshuka chini kuliko urefu wako. Lishindishe njaa gugu hili. Majani ndiyo yanayoulisha mzizi. Kila baada ya siku kumi, kata kila chipukizi usawa wa udongo. Usiliache litoe maua, maana mbegu zake hulala ardhini miaka mingi."

"Na lililojisokota kwenye mawaridi?"

"Likate chini, liache palepale. Likinyauka litatoka bila kuvunja tawi. Na usilitupe mferejini wala kwenye mboji. Lianike kwenye saruji mpaka likauke kabisa."

"Kwani hakuna dawa?"

"Dawa ya kuua magugu haichagui. Ikidondokea waridi, waridi nalo kwaheri. Hili tuta ulilolima lifunike kwa maboksi, juu weka majani makavu. Liache hivyo mpaka masika ya mwaka kesho kutwa."

"Na nyanya zangu?" Oysara aliuliza.

"Utapanda tuta moja tu, mdogo wangu. Vumilia."

"Kazi yote hii itachukua muda gani?" Turob aliuliza.

"Miaka mitatu hivi."

"Mitatu! Gugu hili litanizika!"

"Kwani una kazi gani nyingine?" Salomat alimjibu. Oysara alicheka mpaka akashika ubavu.

Turob alianza na vitunguu vya Salomat. Alivisafisha vyote, kisha akarudi kwake na mkasi. Kiangazi kile alikata, gugu likaota, akakata tena. Mwaka wa pili walikwenda kwa binti yao Zulhumor, mjini Tashkent, wakakaa mwezi mzima. Waliporudi, pechaki ilikuwa imetoa maua.

"Basi, nimeshindwa," Turob alisema.

"Angalia vizuri," Oysara alimwambia. "Mwaka jana shina lilikuwa nene. Sasa ni kama uzi."

Ilikuwa kweli. Turob akachukua mkasi.

Masika ya mwaka wa tatu waliondoa maboksi. Udongo ulikuwa laini, umejaa minyoo. Walipanda nyanya, na kiangazi Oysara alijaza mitungi ya kioo ishirini na sita ya nyanya za akiba ya majira ya baridi. Mawaridi yalichanua mpaka yakainamia njia.

Asubuhi moja Turob alizunguka matuta yote asione cha kukata. Akamwita Salomat aje ashuhudie.

Salomat aliinama kwenye mawaridi, akapekua polepole.

"Hili hapa," alisema. Lilikuwa chipukizi dogo kama ukucha.

Turob alipiga magoti, akalikata usawa wa udongo, akainuka akitabasamu.

"Dada," alisema, "hebu angalia na kule kwenye mirehani."