Waya wa Kwenda kwa Kuku

Kila asubuhi, sala ikiisha, Bibi alikwenda kulisha kuku wake. Hakutaka kushikwa mkono. Macho yake yalikuwa yamezimika, lakini miguu ilikuwa mizima, na ulimi ndio usiseme. Alibeba bakuli la pumba, akapapasa mlango wa nyuma, akashika waya.

Waya huo aliufunga mwanawe, fundi cherehani. Ulikuwa wa chuma, kutoka nguzo ya kibaraza hadi banda la kuku, mwisho wa uwanja. Bibi aliufuata polepole, huku akiwaita kuku.

"Njooni, walafi nyie! Jana hamkula?"

Mkwewe, mke wa fundi huyo, alizoea kumtazama kutoka jikoni. Siku moja, baada ya mvua, aliona jambo. Bibi alikuwa amezungushia kiganja upindo wa nguo ndipo akashika waya. Alipokaribia banda akauachia kabisa. Akanyoosha mikono mbele, akajikwaa, akaanguka. Pumba zikamwagika.

Mkwe alikimbia. "Mama! Umeumia?"

"Niumie nini? Nimekaa tu," Bibi alisema, akisugua goti.

"Mbona uliuachia waya?"

Bibi aliutafuta mkono wa mkwewe, akaushika.

"Mwanangu, ukimwambia mumeo atanifungia ndani kama kifaranga. Waya unauma. Kukiwa na mvua unauma zaidi. Ni kama siafu wananitembea mpaka kwenye kiwiko."

Mkwe hakuugusa waya. Alimwinua Bibi, wakarudi nyumbani kwa upande mwingine.

"Nisamehe, mama," alisema. "Hili siwezi kulificha."

Juu ya banda lile kulikuwa na paneli za sola. Ghorofa la jirani liliziba jua upande wa nyumba, kwa hiyo paneli ziliwekwa kule mbali, juu ya fremu ya chuma. Inveta, chombo cha kuugeuza umeme wa jua utumike nyumbani, ilikuwa katika chumba cha kushonea. Na waya wa Bibi ulifungwa kwenye mguu wa fremu ile ile.

Aliposikia, mume alisimamisha cherehani. "Haiwezekani. Nilichimbia fimbo ya shaba palepale chini ya paneli. Umeme ukivuja unaingia ardhini."

"Basi mama yako muongo?"

Mume aliinamisha kichwa. "Yule ndiye aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano," alisema. Akaenda kumwita fundi umeme.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Nguzo kwa sababu hakuna nguzo iliyomshinda kupanda.

"Mtu asiguse waya wala banda," alisema kabla hata ya salamu.

"Nimeshazima swichi ya ndani," mume alisema.

"Haitoshi, kaka yangu. Paneli ikiona jua inatengeneza umeme, uzime usizime."

Alivaa glavu, akazifunika paneli kwa turubai jeusi, akapima. Ndipo akaonyesha mahali ambapo kebo ilipita kwenye ukingo wa bati. Upepo uliisugua kila siku, ganda likachubuka, shaba ikagusa fremu.

"Lakini fimbo si ipo?" mume aliuliza.

"Ipo, ila iko peke yake. Umeme ukivuja unatafuta njia ya kurudi ulikotoka. Fimbo yako iko huku, ya nyumba iko kule. Katikati ni udongo, na udongo ni njia mbovu. Umeme unaopita humo ni kidogo, hauishtui inveta ikazima. Lakini unatosha kumuua mama."

Mume aliitazama fimbo, kisha nyumba. "Ni kama nimeshona pindo mbili bila uzi wa kuziunganisha."

"Hapo umenielewa!"

Mama Nguzo alibadilisha kebo, akaipitisha ndani ya bomba. Kisha akafunga waya wa ardhi, wa kijani na njano, kwenye paneli zote na fremu. Akaupitisha pamoja na kebo, katika mtaro mmoja, hadi kwenye inveta na fimbo ya nyumba. Na ile fimbo ya bandani akaiunganisha kwenye waya huohuo.

"Fimbo zote ziwe kitu kimoja," alieleza. "Zikitengana, radi ikipiga karibu, nguvu inapita kwenye vyombo vyenu."

"Siku nyingine nifanye mwenyewe?" mume aliuliza.

"Nikijishonea gauni mwenyewe, utaniacha nitoke nalo nje?"

Wote walicheka, isipokuwa Bibi. Alikuwa amekaa kibarazani, mikono mapajani, akingoja hukumu.

"Mama," mwanawe alianza, "kuanzia leo kuku tutalisha sisi."

Bibi aligeuzia uso upande wa banda.

"Baba watoto," mkewe alisema kwa upole, "macho yalimzimikia. Tusimzimie na miguu."

Mume alimgeukia fundi. "Tukitumia kamba?"

"Kamba ya katani, sawa. Nguzo za mti. Na isifungwe kwenye chuma chochote cha sola."

Waliung'oa waya, wakaifunga kamba pamoja, mume na mke, mpaka kwenye mlango wa banda, mbali na fremu.

Mvua iliponyesha tena, Bibi alitoka na bakuli lake. Aliishika kamba kwa kiganja kitupu. Mkwe alisimama mlangoni.

"Inauma, mama?"

"Inakwaruza kama ndevu za marehemu mume wangu," Bibi alisema. Akaipapasa tena, taratibu. "Niache nikae nayo kidogo."

Kisha akaenda.