Sevisi ya Paundi Sitini

Fundi Desmond Garbutt alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi, kisogo kimepasuka, mvua ikimnyeshea. Inspekta Gwenda Sugden alichuchumaa kando yake, akapenyeza vidole vyenye glavu chini ya bega la marehemu. Nyasi za chini zilikuwa kavu.

"Mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini, Afande," alijibu Sajini Nadeem Sadiq. "Nimeuliza watu sita, wote wamenipa dakika ileile. Hawa huangalia mawingu zaidi ya wanavyoangalia watoto wao."

"Basi alianguka kabla ya hapo. Nani aliikuta maiti?"

"Bi Crabtree, msimamizi wa kambi. Saa nne kasoro kumi."

Kambi ya Marrowby ilikuwa juu ya genge la mwamba, bahari ya kijivu ikinguruma chini yake. Karavani arobaini zilisimama kwa mistari, nyumba ndogo nyeupe za magurudumu ambazo wenyewe huzikokota kwa magari yao hadi pale kila mwezi wa Mei, watu walewale, viwanja vilevile. Na kila Mei Garbutt alikuja kuzifanyia sevisi: gesi, umeme, breki, kiungo cha kukokotea kinachoshikana na gari, unyevu wa kuta. Bei yake ilijulikana na kila mtu, na kila mtu alilalamika. Paundi mia mbili na sabini.

Maiti ilikuwa mbele ya karavani ya Bi Noreen Appleyard, mjane wa miaka sitini na mitatu, kiwanja namba kumi na tisa. Sajini alitoa fomu ya sevisi iliyokuwa imelaliwa nusu na marehemu. Juu kabisa paliandikwa jina la mteja, na kando yake bei. Sitini.

"Sitini?" aliuliza Inspekta.

"Sitini, Afande. Bi Crabtree ameiona, na habari imeshafika mpaka bafu la kambi."

Kweli ilikuwa imefika. Kufikia saa tano watu walikuwa wamesahau kumlilia Garbutt, wakabaki kuililia bei. Sajini alirudi na daftari lililojaa maelezo, na karibu yote yalihusu paundi mia mbili na kumi ambazo mama mmoja alisamehewa na wao wakatozwa. Mmoja alisema daima alijua kuna jambo. Mwingine alisema Noreen alikuwa ameanza kupaka rangi ya mdomo tangu msimu uanze. Bi Crabtree, aliyeiona maiti kwa macho yake mawili, aliiwekea nongwa bei tu.

"Miaka tisa namkatia mtu yule keki ya limau," alimwambia Inspekta, midomo ameibana. "Hajanipunguzia hata senti. Huyo Noreen alimpa nini zaidi ya keki?"

"Wewe unafikiri nini?"

"Mimi sifikirii, mwanangu. Mimi nasema sitini ni sitini."

Noreen aliketi ofisini kwa msimamizi, mikono mapajani, koti bado limelowa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Alisema alitoka saa tatu kasoro robo, akamwacha Garbutt akifanya kazi, akaenda kutembea ufukweni. Peke yake. Hakukutana na mtu.

"Kwa nini alikutoza sitini, Bi Appleyard?"

"Ndiyo bei tuliyopatana."

"Wenzako wanalipa mia mbili na sabini. Mwaka jana hata wewe ulilipa hiyo hiyo, risiti iko ndani kwako."

"Mwaka jana ni mwaka jana."

"Mlikuwa na uhusiano?"

Noreen alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anakula sabuni. "Na Desmond? Mtu aliyekuwa akinuka mafuta ya breki hata Krismasi?"

"Basi niambie sababu ya bei."

"Hayo ni mambo yangu, mwanangu. Hayakumuua mtu."

Na nusu saa baadaye Sajini alileta kitu kilichomweka Noreen pabaya kabisa: mkono wa chuma, mrefu kama fimbo, ule ambao kila mwenye karavani anao kwa kuzungushia miguu ya pembeni ili nyumba isiyumbe. Ulikuwa ndani ya sanduku la mbele la karavani ya Noreen, umening'inizwa kwenye kibanio chake, umepanguswa vizuri. Lakini katika tundu la ncha yake mtaalamu wa vielelezo alikuta damu.

Bosi wa Inspekta alipiga simu kutoka makao ya polisi mjini Hull bila hata salamu. Silaha ni ya mwanamke, imekutwa kwa mwanamke, mwanamke hana shahidi na hataki kusema. Akamatwe, ashtakiwe kabla ya jioni. Inspekta Sugden alijibu ndiyo, akaweka simu mfukoni, akarudi kwenye kiwanja namba kumi na tisa huku moyo ukimkatalia. Mwanamke yule angeweza kufungwa maisha kwa sababu ya mdomo mgumu na majirani wenye kijicho.

Ilimpasa aseme kweli nafsini mwake: kijicho alikijua. Kwa majira kumi na moja yeye na mumewe walikokota karavani yao toka Bridlington mpaka Uskochi, kisha mume akatorokea huko nayo pamoja na mwalimu wa kuogelea, na mpaka leo Gwenda akiona karavani ya rangi ile barabarani hugeuza macho. Roho bado ilimuuma. Lakini ile miaka kumi na moja ilimwachia pia elimu. Alijua kila skrubu.

Ndiyo maana alisimama mbele ya kiungo cha kukokotea na kukunja uso.

Kiungo kilikuwa kimefunikwa kwa kifuniko cheusi cha plastiki, kipya, kikubwa. Aliinua. Chini yake chuma kilikuwa kikavu, vibanio vya ndani, ambavyo vikilowa huteleza, vimesafishwa na kung'aa. Na juu ya mpini wa kiungo kulikuwa na matone matatu ya damu.

"Nadeem. Tazama ndani ya kifuniko."

Sajini aliinama. "Kisafi."

"Damu iliruka kiungo kikiwa wazi. Kisha mtu akakifunika, kabla mvua haijashika. Mtu ameua, maiti iko miguuni pake, yeye anahofia vibanio visije vikalowa."

"Nani mwenye akili hiyo?"

"Mwenye karavani yeyote. Lakini hiki si cha Noreen, kinapwaya. Chake kimo kwenye sanduku, kimechanika. Huyu mtu alikuja na kifuniko mkononi. Pita mistari yote uniambie ni kiungo cha nani kimelowa."

Alipokuwa akimngoja, Inspekta alifungua gari la marehemu. Hapo akapata jambo la pili. Kipima gesi kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko wake. Bisibisi zimepangwa, tambara limekamuliwa, glavu za kazi zimevuliwa na kuwekwa juu ya kiti. Aliichukua tena ile fomu. Kati ya visanduku ishirini na vitano, viwili tu vilikuwa na alama ya vema: gesi na kiungo. Wote walidhani fundi aliuawa kazi ikiwa katikati.

Garbutt alikuwa amemaliza.

Alirudi ofisini, akavuta kiti karibu na Noreen.

"Hakukupunguzia bei," alisema. "Kazi ndiyo ilikuwa ndogo. Gesi na kiungo, basi. Hayo mawili huulizwa na mtu anayetaka kununua. Unauza karavani."

Noreen alifungua kifungo cha koti. "Mnunuzi anatoka Goole. Breki na unyevu atajijua mwenyewe."

"Kwa nini ulificha? Unajua watu wanakusemaje huko nje?"

"Wanisemavyo siku zote. Kuna mtu alitakiwa asikie kutoka kwangu, si kwa Pauline Crabtree. Nilimwambia Desmond afunge mdomo wake."

"Mtu gani?"

Noreen aligeukia dirishani. Inspekta naye akatazama: mstari wa pili, mzee mrefu aliyesimama mvuani kando ya karavani yake pana, mikono nyuma, macho yameganda kwenye mlango wa ofisi.

Sajini aliingia akitikisa maji begani. "Kimoja tu kimelowa, Afande. Kiwanja ishirini na tatu. Bwana Clifford Stott."

Clifford Stott alikuwa na miaka sitini na minane, msimamizi mstaafu wa mabehewa ya reli. Karavani yake ilikuwa safi kama meza ya daktari, vikombe kwenye ndoano zao, taulo zimekunjwa kingo kwa kingo. Miaka sita, kwa maelezo ya kambi nzima, alikuwa akimjazia Noreen pipa la maji kila asubuhi, akimkatia nyasi, akimtolea maji machafu, bila kusema neno la mapenzi hata moja. Watu walimcheka chinichini. Inspekta alipomkaribia alimkuta amenyoa vizuri, ila chini ya kidevu alikuwa amejikata mara mbili.

"Kifuniko cha kiungo chako kiko wapi, Bwana Stott?"

"Upepo umekichukua."

"Leo hakuna upepo."

"Jana, basi."

"Jana mlipiga picha za mashindano ya maua. Nimeziona kwenye ubao. Kifuniko kinaonekana."

Stott alinyoosha taulo ambalo halikuhitaji kunyooshwa.

"Saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Humu. Nasikiliza redio."

"Ukaona wingu likija kutoka baharini. Ukakumbuka cha Noreen kimechanika. Ukavua chako, ukampelekea."

Inspekta alimsomea onyo lake, haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Stott aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha Inspekta akasema polepole, bila ukali: "Tumeikuta silaha. Ilikuwa sandukuni kwa Noreen, kwenye kibanio chake. Bosi wangu anataka nimtie mama yule pingu kabla ya jioni."

Hapo tu ndipo uso wa mzee ulipobadilika.

"Kwake? Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu imekutwa kwake."

"Lakini ndipo inapokaa!" Alisimama, akakaa tena. "Chombo kinarudishwa mahali pake. Ungeacha chuma kwenye nyasi? Kingeshika kutu. Mimi sikuwaza... Noreen hakuwepo. Msimguse."

"Niambie, basi."

Alieleza akitazama vikombe vyake. Alifika na kifuniko, Garbutt ameshapakia vifaa, amepiga magoti anajaza fomu, ule mkono wa chuma uko kando kwenye nyasi. Fomu ilikuwa kwenye nyasi mbele yake. Macho ya Stott yakatua kwenye sitini. Alidhani haoni vizuri, akavaa miwani. Sitini. Yeye alitozwa mia mbili na sabini siku mbili kabla, na senti za utepe wa kuzibia juu yake.

"Nikamuuliza, kwa nini huyu sitini? Akacheka. Akasema, 'Muulize mwenyewe, mimi nimeambiwa nisikwambie wewe.' Wewe! Si watu wote. Mimi. Wana siri yao wawili, na siri yenyewe ninafichwa mimi." Alinyoosha kikombe kimoja kwenye ndoano yake. "Miaka sita nabeba maji, Inspekta. Miaka sita nasubiri anitazame mara mbili. Yule anakuja mara moja kwa mwaka, ana mafuta mpaka masikioni, anaondoka na kila kitu. Akanipa mgongo, akaiinamia fomu. Wivu ulinipofusha, sikuona mbele. Nilimpiga mara moja."

"Halafu?"

"Halafu matone yakaanza kuanguka. Nikafunika kiungo."

Sajini aliandika. Stott alitia sahihi kila ukurasa, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika taarifa, kisha akauliza swali lililokuwa limemtafuna tangu asubuhi.

"Ilikuwa ya nini, hiyo sitini? Walikuwa pamoja?"

Inspekta Sugden alikuwa na jibu mdomoni. Alifikiria karavani yake iliyokwenda Uskochi bila yeye, na akagundua hana haki ya kulisema; lilikuwa la Noreen. Alimwita Noreen.

Noreen alipanda ngazi, akasimama mlangoni. Aliiona karatasi yenye sahihi, akaona pingu mezani, na hakuhitaji kuelezwa. Alishika mwimo wa mlango.

"Desmond alikuwa na mke, Cliff. Na wajukuu wanne," alisema. "Alikuja kupima gesi na kiungo. Yangu nimeiuza."

"Umeiuza? Uende wapi?"

Noreen alitazama kile chumba kisafi, meza yenye viti viwili, kitanda cha kulia na kitanda cha kushoto, dirisha pana la mbele linalotazama bahari. Alikitazama kama mtu anayepima pazia.

"Hapa," alisema. "Nilitaka kukuuliza kama kuna nafasi."

Nadeem Sadiq aligeukia ukutani.

"Lini?" mzee aliuliza. "Ungeniuliza lini?"

"Leo jioni," alisema Noreen. "Nimeshanunua nyama."

Inspekta alichukua pingu, akazifunga mwenyewe, taratibu, asimbane. Wakampitisha Stott katikati ya mistari, watu wa Marrowby wamesimama kila mmoja kwenye mlango wake. Safari hii hakuna aliyetaja bei.