Jina Lililobaki Ndani

Spika ya zahanati moja ndogo pale Majengo ilimwita Ikram aingie kwa daktari, na hakuna aliyeinuka. Wagonjwa wakatazamana. Mapokezi hapakuwa na Ikram yeyote aliyeandikishwa mchana ule. Spika ikaita tena, safari hii taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto atoke uvunguni, na ukumbi mzima ukanuka udi.

Programu ya kuita wagonjwa ilitengenezwa na Rukia na mwenzake Lameck, katika ofisi yao ya Makole. Mhudumu alipopiga simu kulalamika, Rukia alimwomba alirudie jina. Ikram ni binti yake, bado hajaanza shule, na jina hilo ndilo alilolichapa siku ya kuijaribu programu. Kila mtengeneza programu hujaribia jina fulani, na mama hana jina jingine vidoleni.

Lameck hakutishika. Kijana huyu wa Kigogo alikuwa na maringo na mtindo wake wa kuandika programu, na tusimwonee, mtindo wenyewe ni mzuri: kila fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, hupewa kitu, hutoa jibu, haikumbuki chochote.

"Ni mashine ya kusaga, dada," alizoea kusema. "Ukitia uwele unapata unga wa uwele. Unga wa jana utatoka wapi?"

Rukia, aliyekulia Kondoa akitumwa mashineni na ndoo ya mahindi, alijua fika kwamba unga wa jana hutoka, hasa ukiwa wa kwanza kusaga. Lakini alirudi kwenye kazi yake, na hilo lilikuwa kosa.

Nyumbani kwake Ihumwa mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mumewe Masudi alikuwa safarini na lori. Dada wa kazi, Tabu, alimpokea mlangoni akamwambia kwa kunong'ona kwamba mtoto ameshinda akiitikia. Anacheza, ghafla anainua kichwa, anasema "abee", kisha anaelekea mlangoni. Akizuiwa, anapandwa na homa. Rukia akamuuliza ni saa ngapi hasa. Saa alizotaja Tabu zililingana na saa za malalamiko ya zahanati.

Jioni ile, upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango na taa ikififia bila kuzimika, Rukia alikaa amempakata mwanawe akimziba masikio kwa viganja, na bado mtoto aliitika, abee, abee, kila mara kwa sauti ya mbali kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka mama akaanza kuhisi kwamba aliyempakata anazidi kuwa mwepesi, na kwamba ile harufu ya udi aliyoidhani ya jirani inatoka katika nywele za mtoto mwenyewe. Hakuwahi kuogopa vile maishani mwake.

Kulipokucha alimbana Lameck waifungue programu yote. Fanksheni zao zilikuwa safi kweli. Uchafu ulikuwa kwenye maktaba waliyoiazima, programu ya watu wengine ya kuchambua jina kutoka katika maneno ya mapokezi. Kila ilipopata jina ililihifadhi kisirisiri, mahali pamoja panapotumiwa na wote, pasipoonekana kwenye fanksheni hata moja. Ikikosa jina, hujibu kwa lile ililolihifadhi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lameck alifurahi kidogo, kisha uso ukambadilika.

"Lakini yamepita majina mengi tangu ulipojaribu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Lilipaswa kubaki la mwisho. Mbona limebaki lako?"

Rukia alimjua wa kumuuliza. Walimbeba mtoto, aliyekuwa amefumba macho kwa homa, wakaenda kwa baba mkubwa wa Rukia, Shehe Abdulrahim. Walimwamkia shikamoo, akaitikia bila kutabasamu, akawasikiliza mpaka mwisho. Alisema mahali pa siri panapowekwa vitu bila mwenyewe kujua hapakosi mpangaji. Huyu mpangaji amelipenda jina, na kwa kuwa mtoto ameitika, halirudishi tena.

"Mtoto nitakurudishia, mwanangu," alisema. "Jina liache."

Dawa hiyo wazee wanayo tangu zamani: mtoto asiyepona hubadilishwa jina. Rukia alilia, kwani lilikuwa jina la marehemu mama yake, kisha akakubali. Shehe akasoma, akafukiza ubani, akamwita mtoto Joha. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji. Lameck naye aling'oa maktaba ile, akaandika ya kwake isiyoficha kitu. Spika ikatulia. Rukia alifurahi hadi akacheka peke yake jikoni.

Masudi alirudi siku hiyo hiyo, magharibi inaingia. Hakuwa ameambiwa lolote, maana mkewe aliogopa kulitamka jina kwenye simu. Joha alikuwa jamvini mbele ya mama yake, anakula. Baba akavua viatu mlangoni, akaita kama alivyozoea kila atokapo safari.

"Ikram, njoo umpokee baba."

Joha hakugeuka. Rukia aliinua mkono kumnyamazisha mumewe, lakini kule chumbani, ambako hapakuwa na mtu, viguu vidogo vilishaanza kukimbia kuja kumpokea.