Pedeli ya Kushoto

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kumtoa mama pamba kwenye nywele. Mama ni fundi wa magodoro. Mtu akimletea godoro lililodidimia, hulifumua, huchambua pamba iliyogandamana, kisha hulishona upya. Zamani alichambua kwa vidole hadi vikavimba. Mwaka huu akaunda mashine yake mwenyewe: debe la rangi lililopigwa misumari kila upande, linalozungushwa kwa pedeli ya baiskeli kuukuu. Godoro la siku mbili likawa la asubuhi moja. Cheti hana, ila kichwa anacho.

Mimi nina mdomo. Shuleni wananiita Domo, na sikatai.

Jumatatu moja mwalimu wa sayansi alitueleza kwamba serikali imeanzisha mpango wa nchi nzima wa kukuza ubunifu, stadi na ajira. Ijumaa maofisa wangekuja kukagua na kushindanisha vitu tulivyobuni wanafunzi. Walikuwa pia na fomu za mafundi wa mitaani wasio na vyeti. Fundi hodari angepimwa, akapewa cheti na kazi ya kufundisha vijana kwenye chuo cha ufundi.

"Domo, hii mpelekee mama yako," akasema mwalimu. "Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa hiyohiyo, saa kumi."

Nikaitia fomu kwenye daftari la hisabati. Nia yangu ilikuwa njema, mpaka mwenzangu wa dawatini aliponiuliza, "Na wewe umebuni nini, zaidi ya maneno?" Darasa zima likacheka.

"Mashine ya kuchambua pamba!" nikaropoka.

Mdomo uliponza kichwa. Mama akijaza fomu ile, wote watajua mashine ni ya nani. Basi sikumpa. Nilimwomba tu aniazime mashine nikaonyeshe shuleni kazi yake.

"Kazi yangu mimi?" Mama alicheka kwa furaha. Jioni hiyo aliipaka mafuta, akaipangusa hadi ikang'aa. Nilishindwa kumtazama.

Ijumaa mama alikuja na gauni lake la heshima, akakaa benchi la nyuma. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya mashine. "Hii imebuniwa na binti yetu wa darasa la saba!"

Makofi yakapigwa. Mama hakupiga. Aliinamisha kichwa, akawa anaondoa vinyuzi vya pamba kwenye mkono wa gauni, kimoja kimoja.

"Haya binti, tuzungushie," akasema ofisa, mwanamke mrefu mwenye miwani.

Mama hakuwahi kuniruhusu kuigusa kwa sababu ya misumari. Pedeli ilikuwa kushoto, na mimi natumia mkono wa kulia. Nikazunguka upande wa pili ili niipate vizuri, nikatia pamba, nikazungusha kwa macho makavu. Lo! Pamba yote ikanirukia usoni. Watoto wakaangua kicheko.

"Unaandika kwa mkono gani?" ofisa akauliza.

"Wa kulia, shikamoo," nikajibu kwa kubabaika.

"Marahaba. Lakini aliyeunda mashine hii ni mashoto. Na wewe umesimama pale pamba inapotokea."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa na uongo wa pili tayari ulimini. Nikamtazama mama. Angeweza kusimama akasema, "Ni yangu." Hakusema. Alikuwa ananisitiri mimi niliyemwibia. Niliona aibu hata masikio yakawaka.

"Si yangu," nikasema, nikichomoa fomu kwenye daftari langu. "Ni ya mama, yule pale nyuma. Na hii ni fomu yake. Niliificha mimi."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mama aliitwa mbele, akaijaza fomu kwenye dawati langu, kwa mkono wa kushoto. Kisha akasimama upande wake na kuzungusha. Pamba ikatoka nyepesi kama povu la sabuni. Ofisa akaishika, akatabasamu. "Jumatatu uje chuoni upimwe, fundi."

Mimi nilifutwa kwenye mashindano, na nikaomba radhi mbele ya shule nzima.

Tulirudi nyumbani tumebeba mashine, kila mmoja na upande wake. "Mama, nisamehe," nikasema. Tulipofika mlangoni aliishusha mashine.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Yako haikuzidi hatua tatu kuizunguka mashine. Nimekusamehe, lakini nisikilize. Ungeniomba nikufundishe, ningekufundisha. Ukisema kazi ya mwenzako ni yako, yeye umemnyima haki yake, na wewe ujuzi hujaupata. Watu wa hivyo hata wakipewa mipango mia, nchi haiendi."

Wiki mbili baadaye mama alipata cheti chake na vijana sita wa kufundisha. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kwenda chuoni, aliniwekea debe tupu, nyundo na mfuko wa misumari.

"Unda yako," akasema. "Pedeli iweke kulia."

Nilijigonga kidole mara nne kabla msumari wa kwanza haujaingia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusema.