Hodi ya Nne

Siku ile ilianza kama nyingine zote. Asheri alikunywa chai ya rangi kwa kipande cha muhogo, akavaa viatu, akaitazama soli ya kulia. Fundi wa Barabara ya Nane alikuwa ameishona kwa kipande cha tairi, na sasa hata tairi lenyewe lilikuwa linaachia. Alikuwa mmisionari kijana, mtoto wa Same, na kanisa lake lilimtuma Tanga kuhubiri nyumba kwa nyumba. Utumishi wake ulikuwa unaelekea mwisho. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Mwenzake, Bryson, alikuwa na mwezi mmoja tu mjini, bado anacheka. Kanuni yao ilikuwa kutembea wawili, na hakuna kumwacha mwenzio.

"Wahubiri wangu!" aliwaita Bi Mwatum, mama wa Kipemba aliyewapangisha chumba. "Jana mmepata wangapi?"

"Shikamoo, mama. Mmoja," Bryson alisema. "Mbwa. Katufuata mpaka Barabara ya Kumi na Mbili, na yeye pia kageuza."

Bi Mwatum alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akawakumbusha neno alilowaambia tangu siku waliyohamia: "Hodi tatu, wanangu. Mkiona kimya, ondokeni. Ya nne humwiti tena mwenye nyumba."

"Unamwita nani?" Bryson aliuliza.

"Mimi sijapiga ya nne hata siku moja," alijibu, akarudi kwenye chungu chake.

Ngamiani, eneo la Tanga walikohubiri, wanaishi watu wa kila namna. Asubuhi ile walipiga hodi kwa Wadigo, kwa Wasambaa wauza machungwa, kwa mzee Tajdin mwenye duka la vitambaa, ambaye aliwapa maji baridi na kuwaambia kwa adabu kwamba dini yake inamtosha. Karibu wote waliwajibu hivyo, kwa upole. Upole nao unachosha.

Jua la adhuhuri likawakuta mbele ya nyumba ya zamani, ya ghorofa moja, madirisha yake ya mbao yamefungwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Asheri akapiga hodi. Akapiga tena. Akapiga ya tatu.

Kimya.

"Twende, kaka," Bryson alisema. "Tatu hizo."

Asheri aliutazama mtaa uliobaki. Milango tu, mpaka kona. Mguu wa kulia ulikuwa unawaka moto.

"Hodi!" akasema, kwa hasira.

"Karibuni."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka kuliko yake. Walivua viatu kizingitini, wakaingia. Ukumbi ulikuwa wa baridi. Vumbi lilifunika kila kitu isipokuwa kiti kimoja cha mbao, kilichofutwa vizuri. Sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Mnapita nyumba zote?"

"Zote, bibi," Asheri alijibu.

"Basi mmechoka. Mmoja apumzike."

Asheri alitaka kusema ni yeye. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Bryson akamwahi, akicheka. "Mimi, bibi. Huyu mwenzangu hachoki." Akaketi.

Kicheko kikakatika.

Asheri alimshika mkono, akamwinua, akamtoa nje. Pazia halikutikisika. Bryson alitembea mpaka nyumbani bila kusema neno, akalala kitandani na nguo zake. Hakuamka jioni. Hakuamka asubuhi. Daktari aliyeitwa alimpima, akasema mapigo ni mazuri, haoni ugonjwa, apelekwe hospitali kama hataamka mpaka jioni.

Bi Mwatum ndiye aliyefunua shuka miguuni. Miguu iliyokuwa na malengelenge jana yake ilikuwa laini. Laini kama ya mtoto ambaye hajaanza kutembea.

"Mlipiga hodi ngapi?" alinong'ona.

"Nne," Asheri alisema.

"Nani alipiga ya nne?"

"Mimi, mama."

"Basi kamuombee ruhusa mwenzio. Mliondoka bila kuaga. Huyu bado amekaa kule."

Asheri alipiga magoti, akaomba. Maneno yalitoka sawasawa, kama alivyoyasema milangoni. Pumzi za Bryson zilikuwa zinachelewa. Kila moja ilichelewa zaidi ya iliyotangulia. Asheri akavaa viatu.

Adhuhuri tena. Mtaa ule ule. Mlango ule ule. Hodi tatu. Kimya.

Hodi ya nne.

"Karibu."

Alivua viatu. Kiti kilikuwa pale pale. Safari hii hakikuwa kitupu, ingawa hakuona mtu. Mbao zililia kidogo, kama zinavyolia chini ya mtu anayepumua.

"Bibi," alisema, "nimekuja kumuombea ruhusa mwenzangu."

"Aende," ikasema sauti. "Mmoja apumzike."

Mbao zikanyamaza. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi, jua linawaka kizingitini. Angeweza kutoka. Akafikiria pumzi zile. Akafikiria pia mtaa, na milango mpaka kona.

"Mimi," akasema. Hakujua kama alisema kwa ajili ya Bryson au kwa ajili ya miguu yake.

Akaketi. Miguu ikaacha kuuma.

Adhuhuri ile Bryson alifumbua macho, akaomba chakula, akauliza, "Asheri yuko wapi?" Bi Mwatum alifunika uso kwa kanga.

Polisi walikuta nyumba imefungwa kwa kufuli lenye kutu. Majirani waliapa kwamba kufuli lile lina miaka mingi. Polisi wakalivunja. Ndani hapakuwa na alama ya unyayo hata mmoja kwenye vumbi, na kiti kimoja tu kilikuwa safi.

Bryson alipewa mwenzake mwingine. Hupiga hodi tatu, humshika mkono, huondoka. Lakini njia yake ya adhuhuri haikwepi nyumba ile. Kizingitini vipo viatu vya Asheri, vimeelekea ndani, soli ya kulia ina kipande cha tairi. Mvua za masika zimepita juu yake. Hakuna aliyethubutu kuviondoa.

Kila anapopita, Bryson huinama na kuingiza mkono ndani ya kiatu.

Bado kina joto.